Mwaka Nilioliachia Jua Kahawa Yetu

Siku niliyomrudisha mnunuzi wa kahawa mlangoni kwa sababu ya madoa ya jua naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofunga ndoa, na namwomba mke wangu asiusome mstari huu. Ulikuwa ujinga, mwanangu, nami nawaita hivyo vijana wote watakaonisoma. Nasema mapema, usije ukafika katikati ukadhani nakuandalia habari za mtu mwerevu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Karagwe, kwenye kibanja chetu cha migomba na mibuni karibu na Nyakahanga. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki watatu: Mama, mdogo wangu Adelina, na mimi Deo, mwanamume pekee na mwenye cheti pekee, kwa hiyo kila jambo la nyumba likawa linangoja neno langu. Nami ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Wenzangu walikwenda Bukoba, walikwenda Mwanza, wengine wakavuka mpaka. Mimi nikifika Omurushaka na kurudi, nilikuwa nalala siku ya pili yote kana kwamba nimelima mlima. Pale Omurushaka kuna kelele za mabasi, na kuna wanunuzi wa mazao wanaokutazama usoni na kukwambia kahawa yako ni takataka, nawe unatakiwa ujibu papo hapo. Majibu yangu mimi hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani, nimevua viatu.

Mwaka huo mibuni ilizaa mpaka matawi yakainama. Mama alikuwa amekataa kuuza butura. Wewe uliyezaliwa huku unaijua butura: mtu anakuja kahawa ikiwa bado maua, anakupa bei ya huruma kwa kuwa nyumba yako ina njaa, na siku ya mavuno anakuja kuchuma chake. Njaa tulikuwa nayo, lakini Mama alisema tufunge mikanda. Sababu yake ilikuwa moja. Adelina alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, ambacho siku zile kilipokea hata waliomaliza darasa la saba; masomo yalianza mwezi wa tisa, na ada yake ilikuwa ndani ya kahawa ile. Ng'ombe hatukuwa naye. Mjomba alikuwa na watoto wake wa kusomesha. Ada ilikuwa kwenye kahawa, basi.

Na huyo Adelina hakuwa mtu wa kujaribu uuguzi kwa kukosa la kufanya. Tangu mtoto alikuwa akiwafunga mbuzi miguu kwa maganda ya mgomba na kuwaambia, "Pole, kidogo tu, imeshakwisha." Mbuzi walikuwa wazima kabisa. Alikuwa anajifunza kusema pole.

Tulichuma, tukaanika. Adelina ndiye aliyekuwa akiigeuza kahawa juani, na jioni anachota konzi moja anaitikisa karibu na sikio. Kahawa iliyokauka hulia ndani ya ganda lake. Siku ilipolia vizuri tukaijaza magunia, tukayapanga chumba cha nyuma. Mpaka hapo, mwanangu, kila mtu alikuwa amefanya kazi yake. Ilibaki ya kwangu, nayo ilikuwa moja tu: kuuza.

Sasa ngoja nikwambie habari za lile jarida. Lilikuwa kuukuu, halina jalada, alilisahau kwetu mwalimu mmoja aliyekuja kununua ndizi. Humo nilikuta makala kwamba jua halitulii siku zote. Lina madoa, na madoa hayo huongezeka na kupungua katika mzunguko wa miaka kama kumi na mmoja hivi. Hiyo ni elimu, wala sina ubishi nayo mpaka leo. Lakini mwandishi aliendelea. Akasema wapo watu waliojaribu kulinganisha madoa hayo na mienendo ya binadamu: kwamba jua likichafuka, watu nao huchafuka, damu huchemka, ugomvi huzuka, wafanyabiashara hununua kwa pupa na bei hupanda. Mwisho kabisa akaandika kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Mstari huo niliusoma. Niliusoma kama mvutaji anavyosoma onyo kwenye pakiti ya sigara.

Kwa hesabu za makala ile, mwaka wetu ulikuwa wa madoa mengi. Basi nikaanza kuliona jua kila mahali. Katekista akifupisha mafundisho, nasema jua. Redio ikikoroma, jua. Mtu na mkewe wakigombana kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nasema, "Mnaona?" Na wale walikuwa wakigombana kila mwaka, liwe na madoa lisiwe nayo.

Nikataka kuyaona madoa yenyewe. Kwenye bati la chumba cha nyuma, juu ya magunia, kulikuwa na tundu la msumari. Ukifunga mlango, mwanga uliopita pale ulianguka sakafuni ukiwa duara, na mwalimu wangu wa fizikia alitufundisha kwamba duara lile ni picha ya jua lenyewe. Nikapanda juu nikalipanua tundu kidogo ili jua liingie kwa raha, kosa ambalo mwalimu yule angenichapia, maana tundu likikua picha huvurugika. Nikaweka karatasi nyeupe chini. Nikaona madoa! Nikamwita Adelina kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia tangu nizaliwe.

Adelina akainama, akatazama, kisha akaisogeza karatasi. Duara la jua likabaki palepale. Madoa yakaondoka na karatasi.

"Kaka," alisema, "haya ni mafuta ya samaki."

"Baadhi," nikajibu.

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, lakini tundu sikuliziba. Na nikuonye hapa hapa: usilitazame jua kwa macho yako, utapofuka. Mimi nilipofuka bila hata kulitazama.

Mnunuzi alikuja mwenyewe, hata taabu ya kumfuata sikupewa. Alitoka Omurushaka, akakaa barazani, Mama akampa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kama heshima inavyotaka. Akatafuna, akaomba kuona magunia, akachota, akatikisa, akang'ata punje moja. Akataja bei. Ilikuwa nzuri, mwanangu. Sikuijua kuwa nzuri wakati ule kwa sababu sikuwa nimeuliza popote, lakini ilikuwa nzuri.

"Waitu, mama, kahawa yako ni safi," alisema, akianza kwa neno letu la heshima. "Naichukua yote. Gari linapita leo leo."

Mama akanitazama. Adelina alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi.

"Tunangoja kidogo," nikasema.

"Mnangoja nini, kijana?"

"Bei itapanda. Watu bado hawajachemka."

Yule bwana akamgeukia Mama. "Anaumwa?"

"Amesoma," Mama alijibu.

Mnunuzi akavaa kofia yake. "Haya, msomi. Mimi hapa shati limeniganda mgongoni, sijui ulitaka nichemke kiasi gani." Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Adelina alinifuata migombani. "Kaka, una hakika?"

Nikamwambia, "Subira yavuta heri." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchota maji. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angebishana nami, huenda ningetetereka. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyenibishia kitu. Cheti changu kilikuwa kimewafunga midomo kabla sijafungua wangu.

Mwezi wa saba ukaisha. Majirani waliuza. Mama Jeneroza, ambaye migomba yake na yetu inagusana majani, alikwenda Omurushaka kwa miguu, akauliza kwa mnunuzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi kwa wa pili. Mimi nilikuwa nyumbani nasikiliza redio inavyokoroma. Mwezi wa nane bei ikaanza kuteremka. Nikasema jua linavuta pumzi kabla ya kupanda. Ikateremka tena. Nikasema madoa huchelewa kufika huku Karagwe. Mwanangu, mtu akishaamua kujidanganya hahitaji msaidizi. Hata hewa humpa ushahidi.

"Deo, lizibe lile tundu," Mama alikuwa akiniambia. "Mvua iko njiani."

"Nitaliziba, Mama. Bado nachunguza."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliipata kwenye mtihani nikaieleza ukurasa mzima, nikapewa alama zote.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili tukiwa kanisani, ikaendelea siku kadhaa. Chumba cha nyuma hakuna aliyekiingia, maana jua halikuwepo na mimi sikuwa na kazi humo. Aliyenusa kwanza ni Adelina. Alifungua mlango, akasimama kizingitini. Sisi tukamfuata. Maji yalikuwa yamepita kwenye tundu langu, yakalowesha magunia ya juu, yakashuka mpaka ya chini. Mama akatia mkono ndani ya gunia moja, akauacha humo muda mrefu.

"Ina joto," alisema.

Kilichochemka mwaka ule kilikuwa kahawa. Ilikuwa imeota ukungu, punje zimegandana, na ukiitikisa sikioni haisemi neno.

Mama Jeneroza alisikia kilio cha Mama akaja mbio na kanga kiunoni. Hakuuliza. Alianza kubeba na kumwaga na kutandaza, mpaka tukamaliza magunia yote, ingawa nje kulikuwa na mawingu na kila mtu alijua kwamba haisaidii. Kisha akaketi kwenye jiwe la kusagia, akaniita.

"Deo, tangu mlipoanika kahawa hii, Omurushaka umefika mara ngapi?"

"Sijafika."

"Umemuuliza bei nani?"

Nikainama kuokota punje zilizomwagika.

"Kwa hiyo jua lililoko huko juu umelichunguza, na Omurushaka ya kwenda kwa miguu imekushinda."

"Makala ilisema kwamba watu—"

"Makala haikukutuma. Wewe unaogopa wanunuzi. Nimekuona ukikua. Ulikuwa ukitumwa dukani unalipa bei aliyoitaja mwenye duka, tena unamshukuru. Kuogopa si dhambi, tata, baba yangu. Ungesema unaogopa, ningekusindikiza. Mama yako angekusindikiza. Huyu msichana angekwenda peke yake, na wanunuzi ndio wangetoka jasho. Lakini hukusema unaogopa. Ulisema jua."

Adelina alikuwa pale pale, anatenga punje zilizooza na zilizobaki na uhai. Hakuinua uso. Aliendelea kutenga.

Kilichobaki tulikiuza kama kahawa mbovu, kwa mtu aliyeichukua huku akiziba pua. Mwezi wa tisa chuo kikafungua. Nafasi yake akapewa mwingine, kama ilivyo kawaida. Nafasi haina undugu na mtu. Mama alisema tutajaribu mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata mibuni ilipumzika, kama inavyofanya ikishazaa sana, na Mama akaanza kuugua miguu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mdogo wangu akaolewa Bugomora, kule Kyerwa.

Sitaki uelewe vibaya. Shemeji yangu ni mtu mwema, mkulima hodari, na watoto wao wananipita akili wote. Adelina hana maisha ya kusikitikiwa. Ila siku Mama alipolazwa hospitalini, miaka ya baadaye, tulikaa naye mimi na Adelina, mmoja kila upande wa kitanda. Muuguzi alikuja kufunga kidonda. Mimi nilitazama pembeni, damu siiwezi. Adelina alitazama. Hakumtazama yule muuguzi usoni, alitazama mikono yake, namna ilivyoshika bandeji, namna ilivyozungusha na kukaza. Na mikono yake mwenyewe, juu ya mapaja, ilikuwa inazunguka kidogo, taratibu, ikifuata. Sidhani kama alijua. Muuguzi alipomaliza, Adelina alimwambia Mama, "Pole, kidogo tu, imeshakwisha."

Nikatoka nje nikasimama pale bodaboda zinapoegeshwa, mpaka kijana mmoja akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote. Hilo lilikuwa kweli kuliko alivyojua.

Hajawahi kunilaumu. Akija huniletea maharage.

Haya, mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu habari za jua zimerudi. Miaka hii wataalamu wamekuwa wakisema tena kwamba jua limechafuka, na sasa habari zenyewe hazisubiri jarida lisilo na jalada. Zinakufuata mfukoni kwenye simu. Dhoruba ya jua inakuja, usisaini mkataba. Jua limetibuka, ndiyo maana wateja wako ni wakali. Wiki hii usifungue duka. Mtumaji mwingine anakuuzia na dawa.

Nisikilize polepole. Kwamba jua lina misukosuko yake ni kweli. Kwamba likitibuka sana linaweza kuvuruga mawasiliano ya redio na mitambo iliyoko angani, wanaojua wanatuambia, na tuwaamini. Na kama linagusa kwa namna fulani moyo wa binadamu na biashara zake, waache wenye vyombo wachunguze. Wapo waliodhani wameona kitu, wapo waliotazama wasione kitu, na mimi wa mafuta ya samaki sina kauli hapo. Jua ninaloweza kulitolea ushahidi ni lile la saa saba mchana, likikupiga kichwani hujala, huku unabishania bei. Hilo linaharibu maamuzi kweli. Dawa yake ni kula ndizi yako kwanza na kutoka mapema.

Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukiona unalitafuta jibu la biashara yako mbinguni, angalia chini kwanza, uone ni mlango gani wa karibu unaoogopa kuubisha. Mara nyingi upo. Kwangu ulikuwa wa mnunuzi. Kwako huenda ni wa benki, au wa mteja uliyemkosea, au wa mke wako unayetakiwa kumwambia kwamba duka halilipi. Ukiujua, sema naogopa. Neno hilo halijamuua mtu, na watu watakusindikiza. Ukisema jua, hakuna awezaye kukusindikiza huko.

Na subira, usinisikie vibaya, ni kitu chema; lakini subira ni ya mtu aliyekwisha kuuliza bei kwa watatu. Ya aliyejifungia ndani ina jina jingine.

Tena hili ulishike kuliko yote. Uamuzi ukiwa umebeba maisha ya mtu mwingine, mtu huyo akae na aseme. Asisimame mlangoni na sinia. Mwenye cheti asiseme peke yake, wala mwanamume asiseme peke yake kwa kuwa ni mwanamume. Siku ile barazani tulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kahawa ile inalia vipi sikioni, na sikumuuliza.

Mungu akupe miguu ya kwenda unakoogopa, mwanangu, na akupe jirani asiyekuonea haya. Mvua ikukute umeziba, mavuno yakukute umeuliza, na wanaokuamini wasijute kukuamini. Kila ukilala, awepo mtu mmoja aliyefika alikotaka kufika kwa sababu hukumzuia.

Nilipomaliza kuandika nilimwita Mama Jeneroza nimsomee, maana ni mzee sasa na macho yamefifia, ila masikio bado ni ya msichana. Alikaa barazani akatafuna akamwani yake mpaka neno la mwisho. Nikangoja anisifu. Akatema ganda, akajifuta midomo, akasema:

"Umewaambia watoto wa watu wote. Adelina umemwambia lini kwamba uliogopa?"